Nguo Iliyokataliwa

Kaa kibarazani mwa duka la leso pale Garsen asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mama mmoja kutoka vijiji vya ng'ambo ya mto Tana ataingia, atasalimia, ataketi. Haanzi na bei. Huvuta doti moja kutoka kwenye rundo, akaifungua nusu, akaisugua kwa kidole gumba na cha shahada aone kama imejazwa wanga. Huiinua kuelekea mlangoni apime mwanga unapenya kiasi gani. Hulowesha ncha ya kidole, akasugua penye wekundu, kisha akatazama kidole chake. Kikiwa kimebeba rangi, leso hiyo basi tena. Mwisho huangalia jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye leso, na kama hakujaliwa kusoma, binti aliyefuatana naye humsomea. Ndipo aulize: "Hii mwauza ngapi, mwanangu?" Na mara nyingi, baada ya kazi yote hiyo, huikunja vizuri akairudisha.

Mwenye duka naye hakukaa bure. Leso iliyoshikwa na akina mama watano na watano wote wakairudisha, hataiagiza tena Mombasa. Ile iliyoulizwa na kikundi cha wanawake kinachotafuta sare ya harusi, ataipigia simu jioni hiyo hiyo. Vyuoni kazi hii ina jina lake: utafiti wa soko. Inafundishwa pamoja na mahojiano, uchunguzi wa mwenendo, ukusanyaji wa sampuli na hesabu za mauzo, na mwanafunzi hufundishwa kana kwamba mbinu hizo zilizaliwa kwenye nyumba za mitindo za Paris na New York. Mimi nashikilia kwamba katika biashara ya nguo ya mwambao wetu mbinu hizo zina karibu miaka mia mbili, na kwamba aliyevilazimisha viwanda vya mabara matatu kuzitumia ni mnunuzi wa huku, hasa mwanamke, kwa kukataa tu.

Historia hii inaelezeka vizuri ukianzia mdomo wa Tana. Karibu na Kipini, mto unapoingia baharini, yapo magofu ya Ungwana, mji wa mawe ambao James Kirkman aliuchimba katika miaka ya 1950. Wakaaji wa miji kama huo hawakuwa watu wa kungoja nguo za meli. Wachimbaji wa Shanga kisiwani Pate na wa Kilwa kusini wameokota vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Hivyo ni vizito vya kusokotea uzi, na ushahidi kwamba pamba ilisokotwa mwambao karne nyingi kabla ya Mreno. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo za mji huo zikisafirishwa hadi Misri. Katika karne ya 16 padre Mreno, Monclaro, aliandika kuhusu vitambaa vya hariri vya Pate vilivyokuwa na thamani kubwa, ambavyo wafanyabiashara wa taifa lake walivinunua ili kuvipeleka kwenye miji mingine ya Waislamu isiyokuwa navyo. Kwa maneno mengine, mgeni alikuta soko lenye ladha yake tayari, ikabidi ajifunze.

Anayetaka kuona somo hilo likifundishwa kwa ukali zaidi na aende karne ya 19, zama za merikani.

Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts, akawa konsuli wa kwanza wa nchi hiyo Unguja. Meli za Salem zilitafuta pembe, gundi ya sandarusi na ngozi, na zilileta pamba nyeupe isiyopaushwa, nzito, ngumu kuchanika. Watu wakaiita kwa nchi iliyoileta: merikani. Ilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilifanya shuka, shuka mbili doti, na mafurushi yalihesabiwa kwa jora. Bara ilikuwa fedha. Mshahara wa mpagazi, ushuru wa kupita nchi ya mtu, mahari, chakula cha siku, vyote vililipwa kwa nguo. Na fedha ikipungua uzito, kila mtu hugundua.

Waingereza walitaka soko hilo. Njia waliyoiona nyepesi ilikuwa kuiga, hata kugonga alama za Kimarekani juu ya pamba yao. Daktari wa meli za kivita za Marekani, Ruschenberger, aliyefika Unguja mwaka 1835, aliandika kwamba hila hiyo haikufua dafu. Watu waliziona nguo za Marekani kuwa imara zaidi, na kwa kuogopa kudanganywa wakaacha kununua kwa Waingereza kabisa. Ruschenberger alikuwa Mmarekani na huenda alivutia kwake, lakini miaka iliyofuata ilithibitisha kiini cha maneno yake: merikani ya Salem ilitawala mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba. Hapo ndipo viwanda vya Bombay vilipopata mwanya, vikajifunza kufuma kitambaa kinachofanana mkononi na kile cha zamani, na ndani ya miaka ishirini au zaidi kidogo vikawa vimelishika soko.

Tazama mbinu zilizotumika. Wakala wa Salem aliyekaa Unguja alikuwa mtafiti mkazi. Aliishi jirani na wanunuzi, akasikiliza malalamiko ya Wahindi waliokopesha misafara, akaangalia bandari nani kaleta nini, kisha akaandika barua. Katika barua hizo, ambazo nyingi zimehifadhiwa na kuchapishwa na wanahistoria, maswali ni yale yale ya mwenye duka wa Garsen: upana gani, uzito gani, jora la urefu gani, na kiasi gani kabla soko halijafurika. Jibu lilichukua miezi kuvuka bahari mbili. Aliyekosea msimu mmoja alibaki na shehena iliyooza ghalani.

Waingereza nao hatimaye waliacha kugonga alama za uongo wakaanza kusoma. Mwaka 1866 John Forbes Watson, aliyeangalia makumbusho ya India mjini London, alitoa kazi ambayo hadi leo naiona ya ajabu: vipande 700 vya nguo halisi za India, vimekatwa na kubandikwa katika majuzuu 18, seti 20. Seti 13 zilikwenda miji ya viwanda ya Uingereza na 7 India. Nia yake ilikuwa wazi. Mfumaji wa Manchester aguse kilemba na sari, ajue upana, pindo na mahali pa urembo, ndipo aige kitu ambacho mvaaji atakikubali. Wafumaji wa India walionyang'anywa ufundi wao kwa njia hiyo walilipa gharama kubwa, na jambo hilo halifai kusahauliwa tunaposifu mbinu. Utafiti wa mavazi tangu mwanzo ulikuwa na swali la nani anafaidika na kipande kilichokatwa.

Upande wetu, wazungu waliokuja kupita bara walijikuta watafiti wa mitindo bila kupenda. Richard Burton, katika kitabu alichotoa mwaka 1860 kuhusu safari ya maziwa, alijaza kurasa kwa majina ya nguo: kaniki, barsati, debwani, sahari, kila moja na nchi yake na watu wanaoipenda. Kuhusu shanga alisema kuna aina kama 400. Stanley, mwaka 1871, aliwahoji wenyeji wa Unguja kabla ya kununua chochote, akaondoka na doti 2,000 za merikani, 1,000 za kaniki na 650 za nguo za rangi. Joseph Thomson alipofika Taveta mwaka 1883 akielekea Umasaini alielezwa kwamba shanga zake zimetungwa visivyo. Mmasai hupokea uzi wa urefu wake, si mwingine. Ikabidi msafara mzima uketi kutunga upya makumi ya maelfu ya nyuzi. Hakuna somo la vyuoni kuhusu mteja lililo wazi kuliko watu wazima wakikaa chini ya mti siku baada ya siku kurekebisha kosa la kutouliza.

Tana yenyewe haikuwa barabara kuu ya misafara kama ile ya Bagamoyo, na kwa hiyo hutajwa kidogo. Lakini ilikuwa na mlango wake. Bidhaa ziliingia Kipini na Kau, kwenye mto Ozi, na katikati ya karne ya 19 Sultani Ahmed wa Witu, aliyeitwa Simba, aliwachimbisha watu mfereji wa Belezoni ili mitumbwi ipite kati ya Ozi na Tana. Mfereji huo mwembamba ulikuja kuuvuta mto wenyewe ukabadili njia. Witu kulijaa watoro waliokimbia utumwa wa mashamba ya Malindi na Lamu. Juu yao, kandokando ya maji, Wapokomo walilima mpunga na ndizi, na mbugani Waorma walichunga. Clemens Denhardt na daktari Gustav Fischer walipanda Tana mwaka 1878. Denhardt alirudi baadaye na nduguye Gustav, na mwaka 1885 Ujerumani ikatangaza ulinzi wake juu ya Witu, ikauachia Waingereza kwa mkataba wa Julai 1890.

Watu hawa wa bonde moja hawakuwa soko moja. Mtoro wa Witu alikuwa amevalishwa kaniki na merikani za utumwa, na alijua zinamaanisha nini mwilini mwake. Mfugaji alitaka nguo inayostahimili miiba na kulala nje. Kutoka kaskazini ziliingia futa za Benadir, zilizofumwa Mogadishu na miji jirani kwa mikono, zikapambana na merikani ya bei nafuu. Mfanyabiashara wa Kau aliyefikiri kwamba "wa mtoni" ni mteja wa aina moja asingemaliza msimu.

Kisha ikaja leso, na hapo mnunuzi wa kike akachukua kiti cha mbunifu.

Masimulizi ya Mombasa na Unguja yanakubaliana kwa msingi. Katika theluthi ya mwisho ya karne ya 19 wanawake walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vya rangi, ambavyo Mreno aliviita lenço, vikiwa bado havijakatwa. Badala ya kununua kimoja kimoja, mwanamke alikata sita, vitatu kwa vitatu, akaviunganisha kwa sindano akapata vazi pana ambalo hakuna kiwanda kilichokuwa kimelifikiria. Jina la kanga, husemwa, lilitokana na madoadoa yaliyofanana na ya ndege huyo. Sisi wa mwambao wa Kenya tumebaki na leso.

Wafanyabiashara waliona vitambaa vilivyoshonwa vikipita barabarani, wakafanya hesabu: kwa nini tusichape vazi zima? Kuanzia miaka ya 1880 viwanda vya Uholanzi, vya Leiden, Haarlem na Helmond, vilichapa leso kwa ajili ya Afrika Mashariki, na vitabu vyao vya sampuli vimesalia. Mwanahistoria wa sanaa MacKenzie Moon Ryan ameitumia akiba hiyo kuisimulia upya historia ya vazi hili. Ukurasa mmoja unaweza kubeba kipande cha kitambaa, namba na tarehe, na ukifuatisha kurasa unaona pindo likinenepa, mji, yaani sehemu ya kati, ukijaa maua au ukibaki mweupe, mwandishi akibadilisha herufi za Kiarabu kwa za Kirumi. Mwanamke wa Mombasa hayumo kwa jina katika kitabu chochote. Yumo katika uamuzi wa kila ukurasa, kwa sababu mchoro usiorudi kuagizwa ulikataliwa na yeye.

Nafikiri hapa ndipo penye utajiri wa jambo lenyewe, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo. Mchapishaji wa Helmond hakuwahi kuona harusi ya Lamu wala matanga ya Ngao. Kati yake na mvaaji zilikuwapo nyumba za biashara za Ulaya zilizokuwa na ofisi Unguja, halafu wauzaji wa jumla wa Kihindi, halafu wachuuzi. Kila mmoja alikuwa kiungo cha kupeleka habari nyuma. Mwenye duka alisikia kwa masikio yake kwamba nyekundu ya mwaka jana imechujuka, kwamba mchoro fulani umechekwa, kwamba jina fulani limegombanisha wake wenza. Habari hiyo ilipanda ngazi hadi ikawa mchoro wa karatasi na maelezo, ikasafiri kwa meli, ikarudi nguo. Mitindo ilibadilika haraka kiasi kwamba chapa iliyochelewa iliweza kukuta wanawake wameshahama. Laura Fair, katika utafiti wake juu ya Unguja baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1897, ameonyesha jambo zito lililokuwa chini ya haraka hiyo: waliokuwa watumwa waliikimbia kaniki na merikani wakavaa rangi, na kila doti mpya ilikuwa tamko kwamba mimi si mali ya mtu. Kwenye mwambao wa Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Sishangai kwamba leso ilienea kwa wepesi ule mle mle walimoishi watoro.

Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye nyumba yake ya biashara inajulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla tangu mwaka 1887, ndiye anayetajwa kuwa alieneza desturi ya kuandika maneno ya Kiswahili kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20. Sasa kipimo cha soko kikawa kigumu maradufu. Haikutosha kujua rangi inayopendwa. Ilibidi kujua kinachosemwa uani, nani anamsuta nani na kwa fumbo gani. Wachuuzi walikusanya methali na mafumbo kama mwanaisimu anavyokusanya lahaja. Leso ya kisutu, ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ilibaki vile vile kizazi baada ya kizazi kwa sababu ina kazi zake za harusi na za uganga ambazo hazitaki mtindo. Kujua kipi kibadilike na kipi kisiguswe ndiko kulikokuwa ujuzi wenyewe.

Baadaye uchapaji ulihamia Japani na India, na baada ya uhuru ukaja nyumbani. Tanzania ilifungua kiwanda cha Urafiki mwaka 1968, Kenya ikawa na viwanda Thika, Kisumu, Eldoret na Nanyuki. Na kwa mara ya kwanza Tana ikatakiwa itoe pamba badala ya kununua nguo tu.

Sehemu hii naiandika kwa uchungu. Umwagiliaji wa Hola ulianza mwaka 1953, kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, na Machi 3, 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa pale pale walipokataa kufanya kazi. Baada ya uhuru mashamba yalipewa familia, pamba ikastawi kwa miaka mingi, hadi mto ulipobadili mkondo mwaka 1989 ukaacha mitambo ya maji mbali. Mradi wa Bura, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 1977 na kuanza kupokea wakulima mwaka 1981, ulipangwa kwa zaidi ya familia 5,000, zikaja chini ya nusu. Wataalamu walipima udongo, wakachora mifereji, wakahesabu mavuno ya hekta. Maji yalivutwa kwa pampu za dizeli kutoka Nanighi, pampu zilizokusudiwa kuwa za muda, nazo zilipoharibika pamba ilikauka ikiwa imesimama. Malipo ya wakulima yalichelewa. Mwisho wa miaka ya 1980 mradi ulikuwa umeanguka, na viwanda vilivyopaswa kuipokea pamba hiyo navyo vilizidiwa katika miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na marobota ya mitumba yakafurika. Utafiti ulikuwepo, tena mwingi na wa gharama. Haukumfikia mama mwenye leso upande mmoja, wala haukumsikiliza mkulima upande wa pili, na mto wenyewe, wenye tabia ya kuhama, ulichukuliwa kama bomba.

Rivatex ya Eldoret, iliyokuwa imefungwa, ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 ili iwe kiwanda na maabara ya wanafunzi wa uhandisi wa nguo. Natamani wanafunzi hao wateremke pia hadi Garsen, wakae kibarazani.

Kwani pale mambo yanaendelea. Garsen ni njia panda: barabara ya Malindi inakutana na ya Lamu na ile inayopanda Hola hadi Garissa, na mitindo hupita humo pamoja na magunia. Kutoka upande wa Wasomali limeingia dera, jepesi, pana, na wasichana wa Kiorma na wa Kipokomo wamelikubali pamoja. Leso nyingi sasa huchapwa India na China. Barua iliyochukua miezi imekuwa picha ya simu: mwenye duka hupokea michoro ya mzigo mpya, huwaonyesha wateja wawili watatu anaowaamini jicho lao, na kabla adhana ya Adhuhuri haijaadhiniwa, Mombasa wameshajua ipi ichukuliwe na ipi iachwe.

Yule mama niliyeanza naye, siku anapopata anayoitaka, halipi akaondoka. Doti huja vipande viwili vikiwa vimeungana. Mwenye duka huitandaza mezani, akaikunja katikati mpaka pindo likutane na pindo, akatafuta mstari, akapitisha mkasi. Nje, chini ya paa la mabati, fundi ameshatia uzi wa rangi ile ile kwenye cherehani. Mama humkabidhi vipande vyote viwili, akaketi kwenye benchi, akamwangalia mguu wake unavyokanyaga, na akiona mshono unakwenda upande humwambia afumue.